Siku Tuliporudisha Posa Kituo cha Polisi

Nilikuwa fundi mzuri wa nguo, na sioni haya kulisema. Sikuwa nimefika miaka ishirini, lakini nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza la duka la vitambaa la mzee mmoja Mwarabu, karibu kabisa na soko la Jabe, na wanawake walitoka Buyenzi na Bwiza na mbali zaidi kunifuata mimi. Mafundi wenzangu wa baraza lile wote walikuwa wanaume wa makamo. Siku ya kwanza walinicheka mpaka wakakohoa. Mwezi haujaisha wakaanza kuniletea kola zao kimyakimya niwageuzie, maana za kwao zilikuwa zinajikunja kama masikio ya mbuzi. Niliwageuzia huku nikiimba kwa sauti, ili soko zima lijue nani anamsaidia nani.

Ni miaka ya vita ninayoisema, ile ambayo nchi jirani zilitufungia mipaka, na petroli na sukari na vitambaa vikawa vinaingia kwa njia za panya. Milio ya bunduki kutoka milimani tuliisikia tukiwa tunakula. Mtaa wa Kamenge karibu wote ulikuwa umehama. Jioni kulikuwa na kuvrefe, amri ya kutotoka nje, na jua likianza kushuka ungeona mji mzima unatembea haraka na vifurushi vyake. Lakini msidhani watu walikaa tu wakingoja kufa. Watu walioana! Sijui niwaeleze vipi jinsi watu walivyokuwa wakioana. Harusi zilizokuwa za usiku zilihamishiwa mchana, baada ya sala ya adhuhuri, zikachezwa mbio mbio, na kila harusi ilitaka sare, na sare zilikuwa zangu.

Aliyenilea ni shangazi yangu, dada wa baba. Huyu alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya kusimamisha lori. Ndiye aliyeongoza kikundi cha kina mama wa ngoma pale Buyenzi, wale wanaobeba masinia ya posa na ya harusi vichwani, wakiimba njia nzima. Shangazi alikuwa anajua nani alimposa nani, nani alikataliwa na kwa sababu gani, tangu kabla sijazaliwa. Mambo ya desturi alikuwa hayafanyii mzaha hata kidogo. Ungeweza kumtukana, angekusamehe, lakini ukimwacha mgeni aondoke bila kumpa maji ya kunywa hakusemeshi wiki nzima.

Na kwa sababu ya desturi hiyo hiyo ndipo balaa lilipotuingilia.

Kulikuwa na mwanaume aliyekuja kupanga vyumba kwenye kona ya avenyu yetu. Alikuwa akiuza petroli kwenye madumu, na wakati ule wa mipaka kufungwa, mwenye petroli alikuwa mfalme. Alivaa shati jeupe kila siku, na sikuwahi kuona hata tone la mafuta juu yake. Watu walimsalimia kwa mikono miwili. Magari ya polisi yenyewe yalikuwa yakisimama mlangoni kwake.

Mwezi wa Ramadhani ukaingia, na jioni moja mwanamke aliyekuwa akimpikia akatuletea sahani ya futari: tambi na tende. Hakuna cha ajabu hapo. Kwetu majirani hupelekeana futari mwezi mzima, na sahani ya watu hairudishwi tupu, ni aibu. Shangazi akaiosha, akaijaza sambusa, akaniambia nipeleke kabla hazijapoa. Nikajitanda mtandio, nikavuka njia, nikabisha. Alifungua mwenyewe. Nikasema, "Shangazi anasalimia, asante kwa futari," nikampa sahani, nikarudi kula zangu kabla hazijaisha, maana binamu zangu walikuwa hawana huruma.

Kesho yake alikuwa amesimama ng'ambo ya baraza letu, ameegemea pikipiki, ananitazama. Akaniita mke wake mbele ya mafundi wote: "Bibi yangu, umeamuka salama?"

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa mjini. Kesho kutwa alikuwepo tena. Na siku iliyofuata, na zilizofuata. Nikienda sokoni kununua uzi, yuko nyuma yangu. Nikisimama anasimama, nikiongeza mwendo anaongeza. Mteja mwanaume akija kupimwa suruali, anasogea mpaka karibu na kuuliza, "Unamupima wapi sana vile?" Wateja wakaanza kupungua. Muuza nyama akanipongeza kwa uchumba. Nikamuuliza uchumba gani, akasema si wewe ulimpelekea chakula kwa mkono wako mwenyewe mpaka mlangoni? Mwenyewe anaeleza kila mahali, akasema. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba zile sambusa za shangazi zilikuwa zimeshageuzwa kuwa kiapo.

Niliogopa, na nilikasirika kwa kuwa nimeogopa. Nilimwogopa kuliko risasi, kwa sababu risasi ilikuwa haijui jina langu wala saa yangu ya kutoka kazini. Nilianza kupita njia za mzunguko. Jioni, wakati wengine wanakimbia kuvrefe, mimi nilikuwa nakimbia shati jeupe, na mara nyingine nilipofika nyumbani nikiwa natweta nilimkuta ameshafika zamani, amekaa kwenye kona yake, ananipungia mkono.

Baada ya Idi vikaanza kuja vitu. Kitenge kizuri sana, nakiri kilikuwa kizuri, mkono wangu ulikipapasa kabla akili haijaukataza. Chupa ya manukato. Beseni lenye sabuni na kioo na khanga. Viliachwa mlangoni alfajiri, au dukani kwa yule mzee nikiwa sijafika. Na hapa lazima nieleze, maana asiye wa kwetu atauliza kwa nini hatukumtupia vitu vyake usoni. Kwetu mwanaume haji kuposa mwenyewe. Hutuma mshenga, mtu mzima anayeheshimika, amsemee. Mkikubali, mnamwambia mshenga. Mkikataa, vitu vyote vinarudi kwa mshenga huyo huyo, kwa heshima, mchana kweupe, na mambo yanakwisha pale. Sasa huyu bwana hakutuma mtu. Tungerudisha kwa nani? Mimi nikanyage tena mlango wake na mkono wenye kitu? Shangazi naye aende kumgongea kijana kama muuza mkaa? Kuvitupa ilikuwa haramu, kuvitumia ndiyo kabisa. Vikakaa chini ya kitanda vikinuka sabuni, na kila nilipolala nilivisikia pale chini.

Nikaenda polisi. Nilivaa gauni langu bora, nikajipanga maneno njiani, nikajiambia kwamba serikali ni serikali.

Mkuu wa kituo alikuwa mtu wa tumbo na kicheko, si mkali. Afadhali angekuwa mkali. Alikuwa akisikiliza redio, akapunguza sauti kidogo tu.

"Alikupiga?" akauliza.

"Apana, shefu."

"Alikutukana?"

"Apana. Ananifataka kila siku. Ananiita bibi yake mbele ya watu, na mi si bibi yake."

Akawatazama askari wake, wakacheka wote. "Sasa ile ni tusi? Sha, kule Kinama watu wanakufa, na we unaniletea mutu anakupenda? Nenda kazini, mutoto muzuri. Atachoka."

Hakuchoka. Niliporudi mara nyingine kueleza habari za vile vitu, mkuu aliuliza viko wapi. Nikasema ukweli, viko chini ya kitanda. Akapiga meza kwa furaha kama mwalimu aliyemnasa mtoro. "Basi umevikubali! Mutu anakataa na kitu anaweka?" Nilianza kumweleza mambo ya mshenga, akanyanyua mkono, hana nafasi. Na wakati natoka, nani namwona uani? Shati jeupe, ameinama na dumu lake, anajaza petroli kwenye gari la polisi. Aliniona, akaninyooshea dole gumba. Sijawahi kumchukia mtu hivyo katika maisha yangu, na nimeishi vya kutosha.

Kisha akaja kukaa kwenye kiti changu. Nilikuwa nimeingia dukani kuchukua kitambaa, natoka namkuta amekalia kiti changu, mguu juu ya kanyagio la cherehani yangu, anakanyaga ovyo, sindano imeshavunjika, uzi umejifunga kila mahali. Mafundi walikuwa wanatazama chini. Akasema polepole, kwa upole, "Mwisho wa wiki utaacha kuya hapa. Bibi yangu hatashonea barabarani." Mzee wa duka alitoka na fimbo yake, akamwambia aondoke, na yule bwana akacheka, akainuka kwa raha zake, akaondoka akipiga mluzi. Nilikaa nikatoa kile kipande cha sindano. Nililia kwa hasira, juu ya kitambaa cha mtu.

Habari zilimfikia mjomba wangu wa Kigoma. Mjomba ni mtu mwema lakini dawa yake ilikuwa moja tu kwa kila ugonjwa: lete huyo mtoto huku. Akaagiza kwamba nipandishwe meli ya mizigo ya Ijumaa, nikakae kwake mpaka mambo yapoe, na kama atapatikana mume mzuri kule, basi. Shangazi hakukubali, lakini hakukataa pia. Usiku nilimsikia akikunja nguo zangu. Fikirieni: nilikuwa na cherehani yangu, nilikuwa na wateja wangu, nilikuwa na mji wangu wenye vita na vumbi na harusi za mchana, na yote hayo ningeyaacha mimi, wakati yeye angebaki akiuza petroli. Nilimwambia shangazi siendi. Nikamwambia twende polisi tena, lakini safari hii aje yeye.

"Mi niende ku polisi?" akasema. "Tangu nizaliwe sijaingiaka kule."

"Njo sababu hawakujui," nikamjibu.

Akaja. Alhamisi asubuhi, siku moja kabla ya meli, alivaa buibui lake la kwenda matangani, akaketi mbele ya mkuu wa kituo. Mimi nikaeleza habari ya cherehani, sindano na lile onyo. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, nikaanza kupata tumaini. Kisha akanigeuzia kisogo kabisa, akamwelekea shangazi, akaanza kuzungumza kwa sauti ya kirafiki.

"Mama, ngoja nikuambie kama ndugu. Yule si mutu mubaya. Ana kazi, hanywi pombe, anaswali. Mutoto wenu atakula, atavaa. Wakati huu wa vita, mutoto mwanamuke anakaaje bila bwana? Mi mwenyewe ninamushuhudia. Mupeni tu bibi, na mambo yote yatakwisha."

Nilitaka kupiga kelele. Shangazi akanibana goti chini ya meza.

"Shefu," akasema taratibu, "ni yeye alikuomba utuambie haya?"

"Tuliongea, ndiyo. Ni rafiki yangu."

"Alikuomba utusemeshe sisi, watu wa nyumbani?"

"Aliniomba, mama, kwa nini nikufiche? Alisema, shefu, niombee kwa wazee wake. Na mi nimekuombea."

Shangazi akainuka. Akamshukuru, tena akainama kidogo, kitu ambacho sijawahi kumwona akimfanyia mtu yeyote asiye imamu. Tukatoka. Tulipopita kona ya kwanza akanishika mkono, akaanza kukimbia, yule mwanamke mnene, na buibui lake limejaa upepo, akicheka mpaka machozi.

"Mwanangu!" akasema. "Yoo, mwanangu! Tumemupata mushenga!"

Kwa dakika nzima sikuelewa. Kisha nikaelewa yote kwa mara moja, na damu ikanipanda kichwani kwa furaha, nikaanza kukimbia kuliko yeye.

Habari zilizunguka Buyenzi kabla sufuria za mchana hazijatolewa jikoni. Kina mama wa ngoma walikuja mmoja mmoja, kisha makundi makundi, kila mmoja anataka kusimuliwa upya, na kila aliyesimuliwa anapiga makofi na kusema rudia pale shefu alipokubali, rudia. Vitu vilitolewa chini ya kitanda, vikapanguswa. Mzee wa duka alituazima masinia yake makubwa ya shaba, yale asiyomwuzia mtu. Mafundi, wale wale waliokuwa wakitazama chini, wakafunika cherehani zao na kusema watatembea nyuma, wanawake watangulie. Kulikuwa na ubishi mkubwa kuhusu wimbo. Wengine walitaka wa kukejeli. Shangazi akakataa kata kata. "Tunarudisha posa," akasema, "hatuendi kugombana. Tutaimba wa heshima."

Wakavaa sare ya manjano niliyowashonea kwa harusi iliyopita. Baada ya sala ya adhuhuri tukatoka.

Sijui kama nitaweza kuwaeleza. Mikusanyiko ilikuwa inahitaji ruhusa wakati ule, watu walikuwa wakitawanywa kwa virungu kwa sababu ndogo kuliko hii. Lakini harusi ilikuwa haiombi ruhusa. Pale njia panda palikuwa na wanajeshi na kamba imefungwa kati ya vigogo viwili. Wakaona masinia, wakaona manjano, wakasikia ngoma, na mmoja wao, kijana tu, akafungua kamba huku akipiga makofi kufuata mdundo. Tukapita katikati ya soko la Jabe. Wauza dagaa wakaacha dagaa. Watu wakauliza nani anaolewa, na kina mama wakajibu bila kukata wimbo: hakuna anayeolewa leo, njooni muone. Wakaja. Nilikuwa katikati, bila sinia, kichwa juu, na miguu yangu ilikuwa haigusi ardhi vizuri. Muuza nyama alikuwepo na kisu chake bado mkononi. Niliogopa, na nilikuwa na furaha, na nilitamani njia iwe ndefu zaidi.

Tulijaza ua wa kituo. Askari walitoka nje wakifunga mikanda. Mkuu alitokea mlangoni na kikombe cha chai, akatabasamu kwanza, akidhani labda ni mambo ya sikukuu. Ngoma ikanyamaza. Shangazi akasogea mbele na sinia lenye kile kitenge kizuri, akalishusha chini miguuni kwake, na wengine nao wakashusha ya kwao, moja baada ya jingine: manukato, beseni, sabuni, kioo, khanga.

"Hodi kwa mushenga," akasema shangazi kwa ile sauti yake ya kusimamisha lori. "Ulikuya kwetu kwa kinywa chako kumuombea rafiki yako bibi. Tulikusikia. Tumekaa wazee, tumeuliza mutoto, mutoto amekataa. Vitu vyako hivi, hakuna kilichotumika. Mupelekee aliyekutuma, umwambie tumekataa na heshima."

Kisha askari mmoja nyuma ya mkuu akapasuka kicheko akajaribu kukifanya kikohozi. Na hapo soko zima likaangua kicheko. "Shefu ni mushenga! Shefu ni mushenga!" Watoto walikuwa wameshaparamia ukuta. Chai ilikuwa inamwagika kwenye sahani ya kikombe.

"Mi si mushenga wa mutu!" mkuu akafoka.

"Si uliniambia mwenyewe leo asubuhi! Mbele ya huyu mutoto?"

"Niliongea tu! Mi si mushenga!"

"Kama we si mushenga," akasema shangazi, na sasa hakuwa anapaza sauti tena, "basi hapa we ni nani?"

"Mi ni polisi!"

"Ego, ndiyo," akasema shangazi. "Polisi. Basi mutoto huyu hapa, polisi. Ana neno la kukuambia."

Akanisukuma mbele. Nami nikasema. Nilisema yote, kwa sauti, uani, jua limetupiga utosini, tangu sambusa mpaka sindano. Safari ile hakuna aliyenikata neno. Nilipofika kwenye habari za kunifuata njiani, muuza nyama akasema ndiyo, nimemuona. Mafundi wakasema ndiyo, nasi tumemuona. Mzee wa duka akasema ni kweli, alivunja sindano mbele yangu. Mkuu akaagiza aletwe. Askari wakarukia gari kwa furaha ya kutoroka, na gari likaenda kumkamata kwa petroli yake mwenyewe.

Alipoletwa, na shati lake jeupe, alikuwa bado anatabasamu. Akaona masinia. Akatazama umati, akamtazama mkuu, na tabasamu likamtoka usoni polepole. Mkuu alimrukia kwa maneno, mate yanamtoka. "Umenichafua! Umechafua kituo changu! Mi nimekuwa mutu wa kuchekwa na soko!" Wakamtia ndani. Kina mama wakapiga vigelegele ambavyo nadhani hata kule milimani vilisikika, na tukarudi tunaimba, safari hii ule wimbo wa kukejeli, kwa sababu shangazi mwenyewe ndiye aliyeuanzisha.

Alikaa ndani mpaka wiki mpya. Alipotoka, shati lilikuwa na rangi ya udongo. Akahama avenyu yetu, nikasikia anauza petroli upande wa Carama, na hakunisogelea tena. Meli ya Ijumaa iliondoka bila mimi. Jumamosi nilikuwa kwenye cherehani yangu na sindano mpya, na foleni ya watu wanaotaka kuniona kuliko kushonewa. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba ilichukua siku kadhaa kabla sijakumbuka vizuri maneno ya mkuu. Umenichafua. Kituo changu. Katika kelele zake zote hakutaja hata mara moja kwamba kulikuwa na msichana aliyekuwa akifuatwa.

Nikalipuuza hilo. Tulikuwa tumeshinda, na kushinda ni kutamu.

Msimu wa mvua ukapita. Siku moja msichana nisiyemjua akasimama mbele ya baraza. Alikuwa amefunga kitenge cha Kikongo, msalaba mdogo shingoni, na alikuwa akitazama nyuma yake, vile vile nilivyokuwa nikitazama mimi. Nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Dada," akasema, "ni weye njo ulipelekaka masinia ku polisi?"

"Ni mi."

"Walinituma kwako."

"Nani alikutuma?"

"Polisi. Nilienda kuwaambia kuna mutu ananifataka. Wakacheka sana. Wakasema, uko na mama za ngoma? Nikasema apana. Wakasema, basi nenda uwatafute, urudi nao, njo tutakusikiliza." Akaushika ule msalaba wake. "Mi natoka Uvira, dada. Niko peke yangu hapa. Sina shangazi, wala ngoma. Mi ni mukristo."

Mafundi walikuwa wameacha kukanyaga. Nilihisi uso unawaka. Kumbe hilo ndilo walilojifunza: si kwamba wamsikilize msichana anaposema, bali kwamba msichana asiye na watu hana haja ya kusikilizwa. Na walijifunza kwetu, kwa ushindi wetu, na sasa walikuwa wakiwaambia wengine kama sheria. Nilikuwa na hasira kuliko siku ile ya sindano. Nikasukuma kiti, nikafunika cherehani, nikamvuta msichana akae.

"Sikiliza," nikamwambia. "Shangazi yangu anatosha watu wawili. Tutaenda kwake sasa hivi. Niambie tu, huyo mwanaume anafanyaga kazi wapi?"

Alitazama njia ya kituo, kisha akainamisha kichwa.

"Pale pale ku polisi," akasema. "Njo yeye alinielekeza kwako."